Hiba ya Mtu Mzima

Siku Mboni alipomaliza eda, shemeji zake walikuja wakang'oa mlango. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Waliung'oa tu mlango wa mninga aliouchonga marehemu kwa mkono wake, wakaulaza uani, kisha wakamwambia kwa upole kabisa kwamba nyumba sasa ina wenyewe, na yeye ana kwao. Mboni akatoka na vyungu viwili, mkeka mmoja, na mbuzi jike aliyefungwa kamba ya makumbi.

Ng'ambo ya njia, Mwanne alikuwa anaanika muhogo kwenye kichanja. Aliuacha. Pale kijijini Masaki, Kisarawe, watu walikuwa wamezoea kuona mjane akiondoka, lakini kwa kawaida huondoka alfajiri, asionekane. Mboni walimwondoa jua likiwa utosini.

"Pita unywe maji, dada," Mwanne akamwita.

Mboni alikunywa kata nzima akiwa amesimama. "Nimepewa haki yangu," akasema, kama mtu aliyeulizwa. "Robo. Wamesema robo ya nyumba haikaliki, basi wakanipa mbuzi." Akaivuta kamba, akashika njia ya kwao Maneromango bila kugeuka nyuma.

Mwinyimadi, mume wa Mwanne, alikuwa barazani na aliyasikia yote. Alitaka kusema neno, kikohozi kikamtangulia. Kilikuwa kikohozi kilichoanza msimu wa korosho na kukataa kwisha nao. Mwanne alishika ukingo wa kichanja akangoja kipite.

"Mimi na wewe tuna mtoto?" Mwinyimadi akauliza, pumzi iliporudi.

"Tuna Swaumu."

"Swaumu ni wa marehemu dada yako. Tumemlea, hatukumzaa. Nikifa leo, wewe ni robo, kama Mboni. Inayobaki ni ya Salumu."

Salumu alikuwa mdogo wake wa pekee, aliyehamia Dutumi, upande wa Kibaha, kulima mpunga kwenye bonde la Ruvu. Mwanne alimfahamu tangu akiwa kijana mwembamba anayekula akiwa amesimama.

"Salumu si mtu mbaya," alisema.

"Na wale shemeji zake Mboni si watu wabaya. Umesikia hata mmoja akipaza sauti?"

Mwanne alirudi kwenye muhogo wake, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mlango uliolala uani kwa jirani, kuku wakiupanda na kushuka.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitila kwisha. Mwingereza alikuwa bado yuko Boma, majumbe bado wanakusanya kodi, na mambo ya ndoa na mirathi bado yanapelekwa kwa kadhi katika baraza la Kisarawe. Kabla ya kufika huko, watu wa Masaki walimwita kwanza mwalimu Abeid, aliyewasomesha watoto Kurani.

Mwalimu alikuja baada ya sala ya alasiri, akakaa mkekani ukumbini, akapewa chai ya tangawizi. Ilikuwa nyumba nzuri: ukumbi katikati, vyumba viwili kulia, viwili kushoto, ukuta wa fito uliokandikwa udongo hata mchwa wakaukimbia.

"Niandikie kwamba nikifa, nyumba hii na mikorosho yangu ni ya mke wangu," Mwinyimadi alisema.

"Haiandikiki. Mke ni mrithi, na mrithi hausiwi. Fungu lake Mungu amekwisha kulipima."

"Na Swaumu?"

"Swaumu si mrithi wako. Huyo unaweza kumuusia, mradi usipite theluthi ya mali yako."

"Basi theluthi ni yake."

Mwalimu akaandika mstari mmoja, majirani wawili wakaitwa wakashuhudia. Mambo ya Swaumu yakawa yamekwisha hata chai haijapoa. Mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anasuka ukili, mguu wake mmoja uliodumaa tangu utoto ameukunja chini ya kanga. Alikuwa msichana mkubwa sasa, wenzake wa rika lake wana watoto wawili wawili, na hakuna mtu aliyewahi kuja kumposa. Hakuinua uso.

Majirani walipoondoka, Mwinyimadi alirudia, "Mke je?"

"Mke mpe ungali hai. Iwe hiba. Lakini hiba si maneno, Mwinyimadi. Ni mkono mmoja kuachia na mwingine kupokea. Ukisema nyumba ni ya Mwanne, na wewe bado unalala humu, koti lako liko ukutani, jembe lako liko nyuma ya mlango, umempa nini? Utoke na vyako vyote, watu waone."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote. Baadaye mwenyewe akikukaribisha utarudi, ila utakuwa mgeni wake."

"Baadaye lini?"

"Watu wakishazoea kuiita nyumba ya Mwanne."

Mwinyimadi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Mwalimu alimtazama mpaka kilipokwisha, kisha akaweka kikombe chini.

"Na kuna jingine. Hiba ni ya mtu mzima. Mtu aliyekwisha kushikwa na maradhi ya kumwondoa duniani, akitoa kitu, huo ni wasia tu, na tumesema mke hausiwi. Nduguyo akisimama kusema ulikuwa mgonjwa siku ile, na wewe ukawa umekufa kwa ugonjwa ule ule, kadhi ataivunja."

"Mimi si mgonjwa," Mwinyimadi alisema. "Moshi wa korosho tu huu."

Mwalimu Abeid alimtazama Mwanne. Mwanne alichukua birika, akamwongezea chai.

Walitoa vitu siku ya Ijumaa baada ya sala, ili watu wawepo. Jumbe Kondo alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda. Mwinyimadi alivitoa mwenyewe kimoja kimoja: koti, jembe, panga, birika la kutawadhia, msahafu, hata kofia yake kuukuu. Kitanda ndicho kilichomshinda mlangoni. Kijana mmoja akasogea kumsaidia.

"Niache!" Mwinyimadi akamkemea, na alikemea kwa nguvu iliyopita kosa. Akakiinamisha, akakipitisha ubavu, akakiweka uani, akakiegemea kama mtu anayesubiri tu wengine wamalize mazungumzo. Mwanne aliona shingo yake inavyopiga.

"Nyumba hii na mikorosho ya bondeni nimempa mke wangu Mwanne," alisema. "Mimi sina changu tena humo."

"Umepokea?" jumbe aliuliza.

"Nimepokea." Ilitoka kwa sauti ndogo, na jumbe akamwambia aseme tena wote wasikie.

Mwinyimadi akahamia shambani, kwenye dungu la kulindia muhogo usiliwe na nguruwe. Lilikuwa limeinuliwa kwa nguzo, limeezekwa makuti, upepo ukipita pande zote. Kwa watu walisema nguruwe wamezidi mwaka ule.

Kabla ya kwenda kuandikisha Kisarawe, Mwanne alimpelekea ugali, akakaa chini ya ngazi. "Baba Swaumu, twende kwanza kwa daktari. Wanasema Dar es Salaam siku hizi kuna sindano za kifua. Mtoto wa Abdala amepigwa, amepona."

"Nikienda, jina langu litaingia kitabuni mwao. Mwinyimadi, mgonjwa wa kifua. Kadhi akiulizia, anasomewa."

"Basi utakwenda lini?"

"Hiba ikishakomaa."

"Itakomaa lini?"

Alikata tonge, akalitazama, akalirudisha sahanini. "Mwanne, wewe unataka kukaa na mimi mwaka mmoja, au unataka kukaa ndani miaka yako yote?"

"Nataka vyote."

"Hata mimi," Mwinyimadi alisema.

Walikwenda Kisarawe kwa miguu, kwa sababu mtu mzima huenda kwa miguu. Yeye alitangulia bila mkongojo. Mwanne alifuata nyuma, na walikwisha kupatana kwamba asimshike, hata iweje, maana njia ina watu. Walipoanza kupanda vilima, Mwinyimadi aliinama akashika unyayo wake.

"Mwiba," alisema.

Alikaa juu ya kisiki, akauchokoa muda mrefu. Wapita njia wakawasalimu, akawaitikia kwa mkono. Akanyanyuka. Mbele kidogo, mwiba mwingine. Kufika kwenye mteremko wa mwisho alikuwa amechomwa na miba mingi kuliko mtu aliyepita porini uchi, na njia yote ilikuwa mchanga mtupu uliofagiwa na miguu ya watu. Mwanne alisimama kila mara, mikono ameifunga ndani ya kanga, akitazama pembeni.

Kadhi alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani. Alisikiliza, akamwambia karani aandike. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila mtu, "Unatoa kwa hiari yako, nawe ni mzima wa akili na mwili?"

"Mzima, kama unavyoniona."

Kikohozi kilikuwa kimefika kooni. Mwanne alikijua kwa namna mabega yalivyopanda. Mwinyimadi alikimeza. Macho yalimjaa maji, kadhi akadhani ni uchungu wa mtu anayetoa mali yake, akamwambia, "Mungu atakulipa, mzee." Walipofika nyuma ya jengo, alishika ukuta, akakohoa mpaka akapiga magoti.

Ukaanza wakati mbaya kwa Mwanne. Aliamka ndani ya nyumba yake mwenyewe, akafagia ukumbi, akapika, akafunika, akapeleka shambani. Siku nyingine Mwinyimadi alikuja mwenyewe, akasimama uani akabisha hodi. Swaumu alikimbilia kumpa kiti, na yeye akakaa ukingoni, akaulizia habari za humo ndani kama mpangaji aliyehama.

Kisimani wanawake walinyamaza alipofika, kisha wakaanza kusema na ndoo zao.

"Dunia hii! Mtu anapewa nyumba leo, kesho mume analala na nguruwe."

"Na anavyokohoa yule baba. Mimi mume wangu akikohoa vile simtoi nje hata kwa fimbo."

"Nani kakohoa?" Mwanne akauliza. "Mume wangu mzima."

"Kama mzima, kwa nini umemtoa?"

Mwanne akisema ni mgonjwa, ameivunja hiba kwa ulimi wake mbele ya mashahidi wenye ndoo. Akisema ni mzima, basi yeye ni mwanamke aliyemfukuza mume mzima baada ya kumla nyumba. Aliitwika ndoo yake kichwani ikiwa haijajaa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mmoja akasema nyuma yake, si kwa sauti kubwa, ila ya kumfikia.

Maneno hayo yalivuka Ruvu. Salumu alikuja mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, amebeba kikapu cha mchele. Hakupitia nyumbani. Alipita moja kwa moja shambani, na Mwanne alipofika na chakula aliwakuta ndugu wawili wamekaa chini ya dungu.

"Shikamoo, shemeji," Salumu alisema.

"Marahaba. Hawajambo Dutumi?"

"Hawajambo. Wamesalimu." Alisimama, akamvuta kando, mpaka kwenye mstari wa minazi. Alikuwa amezeeka. Kola ya kanzu yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. "Kaka yangu ni mgonjwa."

"Kaka yako mzima. Analinda nguruwe."

"Shemeji, mimi nimemwona akitema mate. Usinifanye mtoto." Alipiga kiganja kwenye mnazi. "Hii tuliipanda wote wawili, baba alipokufa. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba maji, kichwa kimenitoka kipara hapa, tazama. Nina watoto wengi na shamba linaloliwa na mafuriko mwaka hadi mwaka. Mkaandikishana nyumba na mikorosho, hata kuniita nikae kama ndugu, nisikie kwa masikio yangu, hamkuniita."

"Tungekuita, ungekubali?"

Salumu alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, na hilo ndilo lililomtia Mwanne hofu zaidi. "Sijui," alisema. "Labda ningekataa. Lakini ningempeleka hospitali. Kwa nini hajapelekwa?"

Mwanne aligeuka akalitazama dungu.

"Sasa nimeelewa," Salumu alisema taratibu. "Lahaula. Sasa nimeelewa."

Aliwaacha na mchele wote, akarudi zake Dutumi bila kulala.

Mvua ilipoanza haikuwa na huruma. Dungu lilivuja, matandiko yakalowa, na Mwinyimadi akakataa kurudi ndani. "Bado wanaiita nyumba ya Mwinyimadi," alisema. "Nimemsikia jana mtu akielekezwa njia." Mwanne akampelekea blanketi, kisha la pili, kisha mkaa kwenye kigae.

Asubuhi moja alipanda ngazi akakuta damu kwenye blanketi, nyekundu, yenye povu. Mwinyimadi alikuwa ameifunika kwa kofia yake.

Mwanne alishuka, akaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa jumbe Kondo, akiwa na matope mpaka magotini. Kulikuwa na watu waliokimbilia mvua.

"Mume wangu ni mgonjwa," alisema. "Naomba watu wa kumbeba."

Wanaume wakatazamana. Jumbe alitua kikombe chake. "Umesema mgonjwa, mama? Au ameugua leo?"

"Nimesema mgonjwa. Nipeni watu."

Walimbeba kwenye kitanda kile kile, wakafunika kwa turubai. Salumu aliletewa habari, akawakuta Kisarawe akiwa amelowa chapachapa, akapokea mguu mmoja wa kitanda bila kuuliza. Mwinyimadi alikuwa na fahamu zake zote. Alimtazama mkewe kwa macho makavu ya homa.

"Umeibomoa, Mwanne," alisema. "Nimelala na nguruwe bure."

Mwalimu Abeid alikuwa amewasindikiza. Walipokuwa wanangoja lori la kwenda Dar es Salaam, Mwanne alimkabili.

"Mwalimu, akipigwa sindano akapona, hiba inakuwaje?"

"Akipona, imesimama. Yatakuwa hayakuwa maradhi ya mauti. Hapo hata Salumu hana neno."

Mwanne alimtazama mpaka mwalimu akainamisha uso.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mliniita kuniuliza ya kufa, mama. Ya kupona hamkuniuliza, nami sikufikiri kuyasema."

Daktari aliwaambia kwa mkalimani kwamba angeletwa kabla ya mvua ingekuwa kitu kingine. Walimpiga sindano hata hivyo. Siku za mwanzo homa ilishuka, akaomba uji wa mchele, akamuuliza Salumu habari za mpunga. Na siku moja alimshika Mwanne kidole kimoja, akakishika tu, hakusema kama amesamehe au hakusamehe. Wiki iliyofuata akafa.

Mwanne alikaa eda katika nyumba ambayo haikujulikana ni ya nani. Ilipokwisha, Salumu akapeleka shauri Kisarawe. Alikuja kumwambia mwenyewe kwanza. "Sitaki usikie kwa watu," alisema.

Kadhi alikuwa yule yule. Akasomewa maandishi, akamsikiliza Salumu, akamsikiliza jumbe Kondo aliyesema kwamba aliona mtu akibeba kitanda chake mwenyewe, na mtu anayebeba kitanda ni mzima. Baadhi ya watu wakaitikia. Mwanne alihisi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwamba huenda akashinda.

Salumu akasimama. "Mimi sina shahidi," alisema. "Shemeji yangu aape. Akisema kaka alikuwa mzima siku ile, mimi nachukua kofia yangu narudi Dutumi, na sitadai tena."

Msahafu ukaletwa. Kadhi akauliza, "Siku mliyosimama hapa mbele yangu, mumeo alikuwa mzima?"

Neno lilikuwa moja. Swaumu alikuwa amekaa nyuma ya watu, mguu wake umekunjwa. Mwanne aliweka mkono juu ya msahafu, na mkono ulikuwa unanuka moshi wa asubuhi. Aliona njia ya kupanda vilima. Alimwona mtu mwenye kanzu nyeupe ameinama juu ya kisiki, anatafuta unyayoni kitu ambacho hakipo, huku mkewe anatazama pembeni. Akatambua kwamba akisema mzima, basi mtu yule hakuwahi kukaa pale. Atakuwa amemfuta.

"Alikuwa mgonjwa," alisema. "Alikuwa anachomwa na miba njia nzima, na njia ile haina miba."

Kadhi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Hiba ikavunjwa. Mali yote ya Mwinyimadi ikarudi pamoja, kama kwamba hakuwahi kutoa kitanda wala kulala nje. Ila ule mstari mmoja alioandikiwa Swaumu hakuna aliyeweza kuugusa. Mwalimu Abeid akapanga kokoto sita sakafuni: mbili za Swaumu kwa wasia, na katika nne zilizobaki, moja ya Mwanne, tatu za Salumu. Tatu kwa tatu. Nyumba ikagawanywa kwa ukumbi, vyumba vya kulia vya Mwanne na Swaumu, vya kushoto vya Salumu. Mikorosho na minazi ikawekwa alama za chokaa.

"Ukumbi ni wa nani?" Mwanne akauliza.

"Wa wote," kadhi alisema. "Mtapitaje?"

Salumu alihama Dutumi na mkewe Saburi, watoto wao, kuku wao na magunia yao ya mpunga. Hakuwa mtu wa ugomvi. Asubuhi alimwamkia Mwanne, jioni aliuliza kama wana kuni. Watoto walijifunza upesi kutokanyaga mikeka ya Swaumu. Lakini Mwanne hakuweza kupita ukumbini bila kujitanda kanga, na usiku alijikuta anakohoa taratibu, ili ukuta wa pili usisikie. Watu kisimani walimpisha sasa. Wengine walimwita mkweli, wengine walimwita mjinga, na wote walimwita kwa upole.

Kisha Salumu akaja upande wa kulia, amevaa kofia, akaomba kuzungumza. Alizunguka sana, akaeleza habari za mvua, mwisho akafika. Mwanawe mkubwa, Maneno, amefikia umri wa kuoa. Na Swaumu ni binti wa hapa hapa, hana udugu wa damu na wao, tabia yake wote wanaijua.

"Watakaa hapa hapa," Salumu alisema. "Na nyumba itarudi kuwa nyumba moja, shemeji. Kaka angefurahi."

Alipoondoka, Mwanne alibaki amekaa. Swaumu alikuwa chumbani, mlango wazi, na hakuna neno alilolikosa. Mikono yake haikuacha kusuka.

"Mama," alisema, "miaka yote Maneno akija hapa hajawahi hata kuniomba maji. Sasa ananitaka mimi, au anataka vyumba?"

Mwanne alikuwa na majibu mengi ya kumfaa mama. Aliyatazama yote, akayaacha.

"Vyumba," alisema.

Swaumu aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei sawasawa na alivyoikadiria. Alikata ukili kwa meno. "Basi mwambie baba mdogo nimekubali. Mahari yangu ni upande wa kushoto."

"Upande gani wa kushoto?"

"Wake. Vyumba vyote viwili, kwa jina langu, kabla ya nikahi. Yeye na mama mdogo na watoto wakae humo humo, mimi simfukuzi mtu. Lakini viwe vyangu."

Mwanne alimtazama binti huyu aliyemlea tangu hajajua kutambaa, na ambaye hakuwahi kutambaa vizuri. Uso wake haukuwa na mzaha.

Akanyanyuka, akajitanda kanga, akavuka ukumbi. Salumu alikuwa sakafuni na watoto wake wamezunguka sinia la ubwabwa. Mwanne alisema ujumbe kama alivyopewa, bila kupunguza.

Mkono wa Salumu ulibaki juu ya sinia. Maneno, aliyekuwa karibu na baba yake, aliinamisha kichwa, na masikio yake yakaiva.

"Amesema hayo akicheka?" Salumu aliuliza.

"Hakucheka."

Salumu alitazama ukuta, dari, watoto wake mmoja baada ya mwingine, kama anayewahesabu. Midomo yake ilikwenda bila sauti. Mwisho alisema, "Mwambie nimesikia. Mwambie anipe muda."

"Muda gani?"

Saburi ndiye aliyesogea, akapangusa nafasi mkekani kwa kiganja. "Karibu chakula, dada," alisema. "Kitapoa."

Chumba hicho cha kushoto ndimo alimolala Mwanne tangu alipokuja kuolewa. Sasa magunia ya mpunga yalipanda mpaka kwenye dirisha, na mwanga uliingia kwa juu tu. Upande wa kulia hawakuwa wamewasha moto siku ile. Akanawa mkono, akakaa kati ya watoto, akala nao.